Sauti ya Marehemu kwa Sifuri na Moja

Benchi la kahawa lilikuwa mbele ya kibanda cha Waya, fundi kompyuta. Asubuhi hiyo Fundi Saa alikaa pembeni, kaseti mkononi. Ilikuwa na sauti ya marehemu mkewe, hakuna nyingine iliyobaki, na binti yao aliyeko ng'ambo ameomba atumiwe kwa kompyuta. Mzee wa watu tangu alfajiri anamwomba Mungu amwoneshe la kufanya.

— Nipe, mzee wangu. Ni kazi ya muda mfupi tu, akasema Waya.

— Nieleze kwanza. Utamfanya nini?

— Sauti ya kwenye mkanda ni analojia. Inapanda na kushuka bila kukatika, kama mshale wa saa unaoteleza. Kompyuta inaipima mara maelfu kila sekunde, na kila kipimo inakigeuza sifuri na moja. Hiyo ndiyo dijitali. Zikifika kwa binti, zinageuzwa sauti tena.

— Na kilichokuwa kati ya kipimo na kipimo?

Wembe, kinyozi, akadakia kabla Waya hajameza kahawa:

— Kinatupwa! Mama wa watu alikuwa na kicheko cha kuserereka. Huko atafika anacheka kwa ngazi!

— Wembe, nenda kanyoe watu.

— Tena njiani zinapishana hizo. Binti anafungua, anamsikia mama anaaga, halafu ndiyo anabisha hodi!

— Zinatumwa kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake, bwana wewe! Likichelewa, linasubiriwa. Mkanda ndio unaopoteza. Kila ukichezwa unasuguka, na kila nakala inazidi kukwaruza.

— Ndiyo maana siuchezi, akasema Fundi Saa taratibu.

Mama mmoja aliyefuata saa yake alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Pole sana, baba. Kwani humo anasema nini?

Wembe akamtazama Waya. Waya akatazama kikombe chake.

— Sikumbuki, mwanangu, Fundi Saa akajibu. Tangu tumzike sijamsikiliza. Nilikuwa namtunza asiishe.

 

Fundi Saa akaifuta kaseti kwa upindo wa shati, polepole, pande zote mbili, akamkabidhi Waya.

— Hesabu hizo sifuri zako. Lakini spika uifungulie. Mkanda ukikatika, basi ukatike tukiwa tunamsikia.