Nani Anamgeuza Mtoto Wangu

Ndugu zangu, kaeni tu, msinipigie makofi. Mara ya mwisho mlinipigia makofi katika ukumbi huu ilikuwa siku ya kumuaga kijana wangu akienda Marekani. Keki ilikuwa kwenye meza ile pale, na mimi nilicheza mpaka suruali ikataka kunivuka. Leo nitasema polepole, na nikikwama mnivumilie.

Wengi wenu mnajua nimemlea peke yangu. Mama yake alifariki mtoto hata shule hajaanza. Tukabaki wanaume wawili katika chumba kimoja hapa Wembley, London, mimi nafanya kea, kazi ya kutunza wazee, katika nyumba yao kule Kingsbury, yeye anakua. Na alikua kweli, mpaka akawa anainama mlangoni. Kiswahili alikisikia vizuri, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wenye watoto hapa naona mnacheka.

Tena si Kiingereza cha hapa, ni cha Marekani, alichokiokota kwenye simu. Wakati fulani nilikuwa na kibarua cha kufagia uwanjani, na timu za Marekani zikaja kucheza ule mpira wao wa kubebwa mikononi. Nikamtafutia tiketi. Ndugu zangu, nawaambia, nilimpoteza siku hiyo. Wachezaji wengi walikuwa weusi kama yeye, na uwanja mzima umesimama unawashangilia. Alirudi akaniambia hapa London mtu mweusi anasukuma viti vya wazee mpaka naye azeeke, lakini kule mtu mweusi anakuwa mtu. Maneno yalinichoma, maana viti hivyo ninavisukuma mimi. Lakini sikumkatalia. Hata mimi tangu ujana nilikuwa naitaka Marekani. Bahati nasibu ya grini kadi niliicheza nikachoka. London nilishuka kupumzika kidogo, nikasahau kuondoka.

Kwa hiyo chuo kimoja cha kusini mwa Marekani kilipomwona kwenye video na kumpa nafasi ya kusoma na kucheza, nilijiona nimefika mimi. Alinitumia picha ya jezi yenye jina letu mgongoni. Nilimwonyesha kila mtu, hata dereva wa basi asiyenijua. Kule nyumbani shangazi zake waliiweka kwenye simu zao kana kwamba wao ndio wanaocheza.

Uwanja wa ndege nilimpa wosia ambao wengi wenu hapa mngempa, msijifanye. Nilimwambia, "Ukifika tafuta Wakenya. Wale weusi wa kule usijichanganye nao, watakuharibu." Akaniuliza, "Na polisi akinisimamisha, dadi, atajuaje mimi ni mtoto wako?" Nikamwambia afunge zipu ya koti.

Sasa nisikilizeni. Alasiri moja nilikuwa namlisha mzee uji, simu ikalia. Ni kocha. Aliongea haraka mno, nikashika maneno mawili tu, mgongo na miguu. Kijana aligongana na mwenzake mazoezini, amepasuliwa, yuko hai, lakini miguu haisikii chochote. Nilimaliza kumlisha yule mzee. Sijui kwa nini nilimaliza.

Mlioko kwenye njia ya makaratasi mtanielewa. Ombi langu lilikuwa ofisi ya uhamiaji, nasubiri wanifanyie upya kibali, na ukitoka nje ya nchi kabla hujajibiwa unahesabiwa umelifuta mwenyewe. Wakili aliniambia kwa upole kwamba naweza kwenda, ila hakuna anayeweza kuniahidi nitarudi. Hata hiyo visa ya Marekani foleni yake ilikuwa ndefu. Nilimwambia kijana nitakuja liwalo na liwe. Akanikatalia. Aliniuliza, wakikufungia nje, mimi nitarudi London kwa nani? Nilitoka nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi, mabasi yakaja yakaenda, na mwili ukakataa kuinuka. Nilikuwa na hasira na Mungu. Nilikuwa na hasira na ninyi pia, kwa yale makofi.

Kesho yake nikaenda kazini. Na kazi yangu ni nini? Ni kugeuza watu. Mtu asiyeweza kujisogeza lazima ageuzwe, upande huu, halafu ule, la sivyo ngozi inaanza kuoza kwenye nyonga na visigino. Nimeona vidonda hivyo. Basi nikawa nawageuza baba za watu huku mwanangu amelala kule. Nilikokulia, mgonjwa akiwa hospitali ana mtu wake. Mtu huyo analala sakafuni kando ya kitanda, anamwosha, anamletea uji. Mwanangu hakuwa na mtu.

Nilijifungia kwenye stoo ya mashuka nikampigia. Nikamuuliza, "Nani anakugeuza?"

Akasema wauguzi ni wema lakini ni wachache, wanakuja wakipata nafasi. Wakenya wa karibu walikuwa mji mwingine mbali, walimwombea kwenye simu. Halafu yule mtoto, ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili, akasema, "Baba, mimi naogopa."

Nikamwambia, "Niko hapa." Nilikuwa na mashuka ya watu wengine mkononi, ndugu zangu. Hapo sikuwapo. Sijawahi kujiona si kitu kama siku ile.

Siku chache baadaye nikapiga video, ikapokewa na mwanamke. Mweusi, mtu mzima, bado amevaa kofia ya jikoni. Alikuwa mpishi pale chuoni. Kijana wangu alikuwa na kawaida ya kurudi kuomba sahani ya pili, na alipoacha kuja, yule mama aliuliza, akaambiwa, akatoka kazini akaja moja kwa moja. Muuguzi alikuwa anatafuta mikono ya kumsaidia kumgeuza. Mama akakunja mikono ya sweta, akafanya kila alichoelekezwa. Mimi nikiwa London naangalia mikono ya mgeni ikifanya kazi yangu, nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Kisigino! Kisigino!" Akasogea kwenye simu.

Akasema, polepole ili nimwelewe, "Mwanao ameniambia ulichomwambia uwanja wa ndege."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Na mimi nimelelewa nikiambiwa ninyi Waafrika mnajiona bora kuliko sisi," akasema. "Haya. Mto niuweke wapi?"

Nikamwambia auweke chini ya mashavu ya miguu, ili visigino vibaki hewani. Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Nilipomuuliza yule mama kwa nini anajitesa hivi, alinishangaa. Akasema kwao pia mgonjwa haachwi peke yake. Tangu hapo akawa anakuja yeye, na asipokuja yeye anatuma mtu wa kanisani kwake. Mwanangu akapata watu.

Aliyekuja kusikia ushuhuda wa mtu kutupa magongo na kukimbia, anisamehe, leo sina. Miguu haijarudi. Kibali changu hakijatoka. Tangu uwanja wa ndege sijamshika mwanangu. Nalia hata sasa, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye basi. Sikuweza kufanya lolote, na hata leo siwezi.

Lakini nawashukuru. Mlikuja kukaa na mimi kwa zamu, hata wale niliowafungia mlango mara ya kwanza. Kuna ndugu mmoja hapa, hataki nimtaje, alikuwa anatoka kuendesha basi anakuja kunikaangia mayai, na hakuniambia hata siku moja kwamba Mungu ana sababu zake. Ndugu, asante sana kwa kunyamaza. Na yule mama wa Marekani amenikataza kutaja jina lake, anasema nitalitamka vibaya.

Nililojifunza ni hili. Mnapowaaga watoto wenu, msiwachagulie watu wao ni akina nani. Wangu alijua tangu siku ile namwambia afunge zipu. Na mkisikia kuna mgonjwa hospitali hapa hana mtu, nendeni. Msiulize kwanza ametoka wapi.

Namalizia. Jana mchana nilikuwa napiga pasi shati hili, video ikaingia. Kijana amelala chali. Akashika chuma cha kitanda kwa mikono, akavuta, akahema, akavuta tena, uso umejaa jasho, na yule mama amesimama kando amejishika mdomo asimguse. Pasi ilibaki juu ya shati ikaliunguza, mtaona nimekunja mkono huu kuficha. Mwili wote ukaja, taratibu, mpaka akalala ubavu.

"Baba," akasema, "nimejigeuza."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikamwambia, "Vizuri. Sasa upande wa pili."