Mvua ya Nemba Haikufika Kaniha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa Madiwani wa kata zetu mbili, Nemba na Kaniha. Baba Paroko na Shehe wetu, ambao leo mmekaa kiti kwa kiti. Bwana Frednand, Afisa Ugani wetu. Bi Kezia, msomaji wa kipimo cha mvua cha hapa Nemba. Ndugu wageni waalikwa. Na nyie majirani zetu wenye shughuli, ambao tangu asubuhi mnatembea kama watu ambao binti yao ameolewa na tajiri: nawasalimu nyote. Wazee wangu, shikamooni.

Nimesikia marahaba kutoka kila upande, isipokuwa pale alipokaa Mzee Gervas. Mzee wangu, najua unangoja kwanza usikie nimekuja kusema nini. Una haki.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa heshima: Wiston wa Kaniha, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, atatoa neno la shukrani kwa niaba ya kata jirani. Kisha, akinikabidhi kipaza sauti, akaninong'oneza, "Kaka, tafadhali, hapa si gazetini." Anazijua barua zangu. Nimemwahidi kwamba nitashukuru, na nitashukuru. Nilichokataa kumwahidi ni kwamba nitaanza na shukrani.

Naanza na wivu. Nina wivu, ndugu zangu. Sizungumzii ule wivu wa adabu wanaouita wivu wa maendeleo, ambao mtu anautangaza huku akitabasamu ili apigiwe makofi. Nazungumzia wivu wenyewe, unaokaa kifuani na kumfanya mtu aache chakula sahanini. Asubuhi nilifika kabla yenu, nikasimama kwenye uzio wa hiki kituo kipya cha hali ya hewa mnachokizindua leo. Nikautazama mlingoti wake mweupe. Nikavitazama vile vikombe vinavyozungushwa na upepo, ile paneli ya jua, kipimajoto kinachosoma joto chenyewe, na kipimo cha mvua kinachotuma taarifa bila mtu kukiinamia. Nikapitisha mkono kwenye wavu nikakigusa, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wa jirani wakati jirani hayupo. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini?" Nikamjibu, "Kilicho changu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa nini niseme ni changu? Vijana wa hapa hawajui, na wazee wa hapa wanajua lakini hawapendi kusema. Kabla Nemba haijapimiwa mvua, ilipimwa Kaniha. Kile kipimo cha zamani, hicho cha bati kilicholala pale mezani kimefungwa utepe, kilikuwa chetu. Kilisimikwa uwanjani kwa Mzee Pancras, tukaambiwa tukitunze, na waliokileta wakapanda gari wakaondoka.

Basi tukakitunza. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe si mwenyeji wa huku, kwa hiyo nikueleze. Kwetu nyumba inazungukwa na migomba. Uwanja ulio mtupu ni wa mtu aliyehama au anayetaka kuhama. Sasa tumeletewa kitu cha thamani, kimesimama peke yake kwenye jua kali, hakina hata kivuli. Mzee Pancras akasema, "Mgeni hawezi kukaa juani kama mbuzi." Akaleta machipukizi ya migomba, akapanda kukizunguka chombo, na majirani wakaleta mbolea ya ng'ombe. Ile migomba ilistawi! Majani yakakutana juu, na kipimo cha mvua kikakaa kivulini kama mfalme.

Chekeni. Nawapa nafasi mcheke, kwa kuwa mmecheka miaka yote hii. Siku nyingine jani lilielekeza maji yote ndani ya chombo tukaonekana tumepata gharika. Siku nyingine mvua ilinyesha hadi kuku wakapanda juu ya vinu, na chombo kikabaki kikavu. Wakubwa wakaja kutazama. Wakacheka, wakapiga picha, wakaking'oa, wakakileta hapa kwenu. Na tangu siku ile mtu wa Kaniha akiingia sokoni Nemba anapokewa kwa maneno gani? "Karibuni wenye mwavuli!" Naona kina mama wa pale nyuma wanajificha kwenye khanga. Nawafahamu mmoja mmoja kwa sauti.

Lakini nauliza: ni nani kati ya waliokileta alisimama japo kwa muda wa kunywa chai moja akatueleza kwamba kipimo cha mvua kinahitaji mbingu wazi? Tuliambiwa tutunze, na sisi tunavyojua kutunza ni vile. Kosa lilikuwa letu, sikatai. Ila ni kosa la watu walioheshimu walichopewa.

Na kwa kuwa leo tunakumbushana, tukumbushane yote. Mzee Gervas, sasa ndipo uitikie marahaba. Nemba mlipoletewa kile kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu, cha kuwekea vipimajoto, nyuki waliingia wakafanya makao. Bwana Frednand akaja kusoma joto, akakimbizwa hadi barabarani. Akamwambia Mzee Gervas awatoe, maana Mzee ndiye bingwa wa mizinga hapa. Mzee akajibu, "Kama huu si mzinga, mbona wameukubali?" Akakaa akisubiri asali. Joto la Nemba halikusomwa msimu mzima, kwa sababu hakuna aliyethubutu kufungua mlango!

Mheshimiwa, hapa ndipo wivu wangu unapouma. Nemba walipokosea, walifanyiwa nini? Walitumiwa mtaalamu mwenye kofia ya wavu na moshi. Nyuki wakahamishwa kwa upole, kisanduku kikasafishwa, na Mzee Gervas akala asali yake. Kaniha tulipokosea tulinyang'anywa. Sisi migomba na wao nyuki, tofauti iko wapi? Kwao walifundishwa, kwetu tulichekwa na kuachwa. Au ni kwa sababu hapa gari linafika bila kukwama, na kuna duka lenye soda baridi?

Bi Kezia, wewe sitakugombeza. Wewe nakuonea wivu wa peke yake. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe kilio au harusi, umeingia kwenye ule uzio ukasoma. Nakumbuka ulivyopigana na Marcel, jirani yako, alipoanika mablanketi yake mabichi juu ya wavu. Alisema, "Dada Kezia, ni matone tu." Ukamjibu, "Shemeji, hayo matone yakiingia humu, mtu wa mbali ataambiwa Nemba imenyesha, na mvua yenyewe ni blanketi lako." Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi, na sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi kwa nini tunapima. Ukiulizwa juzi ilinyesha kiasi gani, Bi Kezia, unajibu. Mimi nikiulizwa kuhusu Kaniha, najibu tu kwamba nilichelewa kuanua nguo.

Na kwetu Kaniha, mvua ya kuambiwa kama hiyo ya blanketi ndiyo iliyotuua. Vuli iliyopita, mvua ilinyesha Nemba. Ilinyesha kweli, Bi Kezia aliipima na hakukosea hata tone. Tangazo likapita redioni na kwenye simu zetu: mvua za vuli zimeanza, wakulima wapande. Likasomwa kama vile wilaya nzima ni shamba moja. Mvua zetu za siku hizi zinanyesha kwa viraka, na anayelima huku anajua. Kwetu ilidondoka ya kutuliza vumbi, ikakata.

Mama Esperansia yupo pale, amevaa kitambaa cha bluu. Mama, niruhusu nikutaje. Mama huyu ni mjane, na mbegu zake za maharage huzitundika juu ya mafiga, zipate moshi, zisiliwe na wadudu. Aliposikia tangazo alizishusha zote. Mwanawe akamwambia asubiri kidogo. Akamjibu, "Mwanangu, redio haina ugomvi na mimi. Itanidanganya kwa nini?" Akapanda. Yakaota, yakatoa majani mawili mawili, mazuri, ungependa kuyatazama. Kisha jua likakaa juu yake, siku baada ya siku, na udongo ukawa wa moto kiasi cha kushindwa kuukanyaga bila viatu. Yakakauka yote. Joto lilikuwa kiasi gani? Sijui. Hakuna ajuaye, kwa sababu Kaniha hakuna kinachopima joto isipokuwa nyayo za Mama Esperansia.

Mbegu za msaada zilipoletwa, tukaenda kuomba. Mtumishi mmoja, sitamtaja, naye alikuwa akifuata karatasi iliyo mbele yake, akatuambia, "Kwa taarifa tulizonazo, Kaniha mlipata mvua ya kutosha." Bwana Frednand alijaribu kututetea, na leo namshukuru mbele yenu. Karatasi ikamshinda. Mama Esperansia akamwambia yule mtumishi, bila kupandisha sauti, "Baba, hiyo mvua mngeniletea basi, kwa sababu shambani kwangu haijafika." Tukarudi mikono mitupu. Akaja hapa Nemba sokoni kununua maharage ya kula, yeye ambaye huwa anauza, akaambiwa, "Kwenu si kulinyesha? Tulisikia redioni."

Ndugu wageni waalikwa, Misri ya kale walichonga alama kwenye mawe ili wajue Mto Nile umepanda kiasi gani, kwa sababu walielewa kwamba asiyejua maji yake hawezi kujua mavuno yake. Korea, karibu miaka mia sita iliyopita, mfalme aliagiza vipimo vya mvua vipelekwe mikoani na wilayani nchi nzima, na mvua ikapimwa mahali iliponyesha. Hawakupima kwa jirani wakakisia kwako. Na sisi, wenye simu mkononi na setilaiti juu ya vichwa vyetu, bado tunachukua mvua ya Nemba na kuiandika Kaniha! Wataalamu wanatuambia hali ya hewa inabadilika. Nakubali. Lakini kwa Kaniha inabadilika kutoka kiasi gani hadi kiasi gani? Mtu asiyepimwa anaweza kuugua hadi afe, na kumbukumbu zikasema alikuwa mzima.

Sasa nifike kwenye shukrani, maana mshereheshaji ameanza kutazama saa. Tunawashukuru waliofadhili kituo hiki. Tunamshukuru Mheshimiwa Mgeni Rasmi kwa kuja kukizindua. Hongereni, Nemba. Kinawapendeza, nami nimeshasema jinsi ninavyojisikia.

Ila ratiba mliyotugawia inasema kipimo cha zamani, kwa kuwa kazi yake imekwisha, kitapakwa rangi na kuwekwa mlangoni mwa ofisi ya kata kiwe kumbukumbu. Kumbukumbu ya nini? Hakijatoboka. Bi Kezia amekisoma leo leo asubuhi, kwa mara ya mwisho kama alivyoambiwa. Mnataka kupaka rangi chombo kizima na kukiweka barazani chini ya paa, mahali ambapo hakitaona tone la mvua tena? Nyie mliotuita wenye mwavuli?

Mheshimiwa, sikuja kuomba kituo kama hiki. Wivu wangu unakitaka, lakini akili yangu inajua foleni yake ni ndefu. Nimekuja kuomba kile cha bati. Nje pale yuko Niyomugabo na pikipiki yake, ana mpira wa kufungia na gunia la kukiviringishia. Msomaji tunaye. Ni Mama Esperansia, anayejua kuliko sisi sote hasara ya mvua ya kuambiwa. Akikubali Bi Kezia kuja kumfundisha, tutamfuata kwa pikipiki hiyo hiyo na kumrudisha.

Mtauliza, mtakiweka wapi, si mtakipandia tena migomba? Swali zuri. Asubuhi mliona mikungu ya ndizi ikishushwa kwenye gari, mkasema, "Kaniha wamekuja na zawadi, kumbe wana utu." Sasa iko jikoni inapikwa. Hiyo mikungu ni ya uwanjani kwa Mama Esperansia. Juzi alichukua panga akaikata migomba yake, yote iliyokuwa mbele ya nyumba, ikiwa na ndizi ambazo hazijakomaa vizuri. Watu wakadhani amechanganyikiwa. Mzee Pancras akalia machozi. Yeye akasema, "Safari hii mgeni atakaa juani, maana nimeshaelewa anachotaka." Nyumba yake leo iko uchi, inaonekana kutoka barabarani kama ya mtu aliyehama. Amekata kabla ya kupewa, kabla hata ya kuomba.

Kwa hiyo leo mchana mtakula ndizi na maharage. Mkiona ndizi ni nyembamba, msimlaumu mpishi. Ndizi ni za Kaniha. Maharage ni ya Nemba, kwa sababu yetu mnajua yalikokwenda. Na kila mmoja atakayeshika sahani ajue kwamba anakula uwanja uliosafishwa kwa ajili ya chombo kile pale mezani. Mkimaliza kula, halafu Niyomugabo akarudi na gunia tupu, nitataka mmoja wenu amwendee yule mama pale alipokaa amweleze, na mtu huyo asiwe mimi.

Bi Kezia, mbona umesimama? Ule utepe wa kipimo cha bati unaufungulia nini? Mheshimiwa, naona Bi Kezia hajasubiri uamuzi wako, na wewe hujamzuia. Mzee Gervas, ondoa mguu apite. Hiyo marahaba yako, mzee wangu, nimeisikia!

Ndugu zangu, wivu wangu haujaisha, nitarudi nao nyumbani. Lakini leo unarudi umekaa nyuma ya pikipiki, umebeba kitu mkononi. Asanteni kwa kunivumilia mpaka mwisho. Nendeni mkale, na kesho saa tatu asubuhi mtuulize Kaniha imenyesha kiasi gani. Tutawajibu.