Kadi Hurudishwa Tawini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya wilaya ya chama chetu hapa Kasulu, Bi. Pelagia Ntirampeba anastaafu tarehe 30 Juni. Aliingia kama mpiga chapa. Anatoka akiwa katibu ambaye hata wapinzani wetu humwamkia kwanza.

Wageni wa makao makuu aliwanywesha chai ya tangawizi kali bila kuwauliza, kisha akawatajia wenyeviti wa matawi yote, kuanzia Heru Juu hadi Makere. Wao walikuwa hawawajui hata watatu!

Kazi ilikuja mwaka ule mbunge wetu alipojivua uanachama mbele ya kamera. Madiwani sita wakajipanga kumfuata. Wangeondoka wote, chama kingekufa wilayani. Makao makuu yalipiga simu za vitisho. Pelagia yeye alisema kadi hairudishwi kwenye mkutano wa hadhara wa watu wengine. Inarudishwa kwenye tawi lililoitoa, mbele ya waliokupigania, na sababu unaitaja mwenyewe.

Kule Makere, diwani Renatus alipokwenda kurudisha kadi yake alikuta akina mama wameacha palizi ya maharage wanamsubiri kwenye mabenchi. Kadi ilikwama mfukoni. Alikaa, akaeleza manung'uniko yake mpaka saa nane mchana, na yupo nasi hadi leo.

Wanne walibaki, wawili wakaondoka. Mmoja wa hao wawili ni Makarius, mume wa Pelagia. Alisema wazi kwamba alishinda kura za maoni za chama ili agombee tena udiwani, makao makuu yakakata jina lake, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Pelagia aliandika maneno hayo kama yalivyo, akaipokea kadi ya mumewe, wakarudi nyumbani kwa bodaboda moja.

Karatasi ile aliipeleka makao makuu mwenyewe, akakaa kwenye benchi siku tatu mpaka ikasomwa. Sasa ni kanuni: mshindi wa kura za maoni hakatwi jina bila wajumbe waliomchagua kuelezwa sababu. Tangu hapo hatujapoteza diwani. Tulidhani watu wanahama kwa tamaa ya vyeo tu. Wengi walikuwa wamechoka kudharauliwa.

Asante sana, Bi. Pelagia. Tunakuombea afya na mapumziko mema, wewe na Mzee Makarius. Kanuni hiyo ingepita mwaka mmoja mapema, leo angekuwa anakuaga pamoja nasi.