Mhandisi Tabaka na Uhamisho wa Kwenda Nyumbani

Marehemu kaka yetu, ambaye kazini na mtaani mlimzoea kwa jina la Tabaka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Utundu aliuanza mapema. Akiwa na miaka saba aliiangusha pasi ya mkaa ya baba kutoka juu ya meza, akiamini mkeka aliotandika ungeikinga sakafu. Mkeka ulitoka mzima, saruji ya chini ikapasuka. Baba alipouliza, hakukana. Aliufunua mkeka mwenyewe, akachapwa, kisha akataka kujua kwa nini cha juu hakikuumia.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, sekondari ya bweni, na mwaka 1991 akahitimu uhandisi wa ujenzi. Hesabu alijaliwa. Sauti ya kuimba alinyimwa, na wanakwaya wenzake mliopo hapa ni mashahidi.

Agosti mwaka huohuo aliajiriwa kwenye maabara ya barabara, akapewa chumba cha mwisho cha korido, dirisha linatazama ukuta. Humo aliijenga barabara ndani ya kompyuta, lami juu, kokoto katikati, udongo chini, yote imekatwa vipande vidogo vidogo. Kisha aliiangushia mzigo na kukokotoa kila kipande kimeumia kiasi gani. Wengine hawakuiweza kazi hiyo, na hapo ndipo aliponasa.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na muuguzi wa mji ulio mbali, safari ya siku nzima. Walikubaliana angehamia kwa mkewe mwaka unaofuata. Kila alipoomba uhamisho, mkuu wa maabara alimpiga danadana: amalizie kwanza barabara hii. Barabara haziishi. Binti yao alijifunza kutembea, kusoma na kubishana, baba akiwa mgeni wa likizo. Jambo hilo lilimuuma sana, na alituambia wazi kwamba chumba kile kimemmeza.

Mwaka 2009 uhamisho ulisainiwa. Mabegi yakiwa yamefungwa, aliipitia kazi yake ya mwisho, sakafu ya uwanja wa makontena, ambako winchi huyabwaga kwa kishindo. Kompyuta ilisema sakafu ingehimili. Ndipo akaona kosa lake mwenyewe: kingo za ule udongo wa kwenye kompyuta alizibana zisisogee, tena karibu mno na mzigo unapoangukia. Mshtuko ulizigonga na kurudi, ukavuruga majibu yote. Kwenye udongo wa kweli ungekwenda zake. Alimpigia mkewe simu.

"Nikinyamaza, Jumatatu niko kwako," alimwambia.

Mkewe alimuuliza, "Na watakaofanya kazi pale? Rudi ukasahihishe, baba. Mimi nipo."

Alifungua mabegi. Hesabu mpya zilionyesha tabaka la chini lingepasuka, likaongezwa unene. Mkuu alifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza kaka yetu: uhamisho ulifutwa, kwa hoja kwamba mtu mwaminifu hivyo haachiwi.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Mei 2022 alistaafishwa kwa ushauri wa daktari, na hatimaye akaingia kwake. Alikata vitunguu vibaya, akagombea rimoti na binti yake, akasinzia mchana kama bwana mkubwa. Tulifurahi kumwona hivyo, ingawa punde alishindwa kutoka kitandani.

Mchana wa tarehe 2 Juni 2023 mkuu alipiga simu. Kompyuta ilikuwa imewagomea. Je, angeweza kuja, hata wiki moja tu? Mkewe alitaka kukata. Marehemu aliiomba simu.

"Mkuu, siji," alisema taratibu. "Niko nyumbani."

Akamrudishia mkewe simu. Alifariki jioni ile, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mama, mjane, binti mmoja na sisi wadogo zake wawili. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, na asitokee wa kumwita tena kazini.