Siku Kapteni Sleiman Alipoiacha Kapsuli

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Shekhe Khattab, waheshimiwa wakurugenzi, Kapteni Sleiman, mkeo Bi Nawar na ahli zenu wote, marubani, mafundi na wafanyakazi wenzangu, nyinyi mlotoka Al Khoudh na nyinyi mlovuka milima kutoka Al Amerat baada ya kazi, na njaa zenu: karibuni Bawshar. Assalaam alaykum.

Nimepewa muda mfupi wa kumuaga Kapteni anayestaafu leo. Wanaonijua wanajua kuwa Masouda si mtu wa maneno matamu. Nitaeleza jambo moja tu, la mwaka 1998, ambalo wengi wenu mmelisikia, na wote mmelisikia vibaya.

Kwa mlioajiriwa juzi: mwaka ule shirika letu lilipata wageni waliokuwa wakitafuta jangwa la kudakia vyombo vinavyorudi kutoka anga za mbali. Chombo hicho, kapsuli, hushuka kwa parachuti. Kinachobebwa ndani chaweza kuharibika kikigonga ardhi, kwa hivyo helikopta hupita juu yake na ndoano inayoning'inia kwa waya, ikalinasa parachuti hewani, kisha ikakishusha chombo taratibu. Fundi wetu Cornelius, alipoelezwa mara ya kwanza, alinitazama akasema, "Madam, hiyo ni kushika kuku ameanguka kutoka mbinguni, na unamshika na ndoano ya samaki?" Nikamwambia, ndiyo, Cornelius, na ndoano utaitengeneza wewe.

Akaitengeneza. Kapteni Sleiman akafanya mazoezi majira yote ya baridi, kwa pipa la chuma lililojaa mchanga, akalidaka na kulidaka tena mpaka tukachoka kupiga makofi. Nyuma yake, mlangoni mwa helikopta, alikaa Msellem, mtu wa ndoano. Rubani haoni kilicho chini ya tumbo la ndege. Anasikiliza anachoambiwa na mtu wa ndoano, basi. Utaratibu ulitaka wasemezane Kiingereza, maana wageni walikuwa wakiwafuatilia redioni. Walikuwa wakikubali mbele ya wageni, na wakiwa peke yao wakirudi kwenye Kiswahili chao. Jamani, nani kati yetu tulolelewa na bibi wa Unguja anayeweza kuingiwa na khofu kwa Kiingereza?

Siku ya majaribio tulikuwa jangwani, upande wa mji wa Adam, sote tumeangalia juu. Kapsuli ya majaribio ikaonekana, helikopta ikapita, ndoano ikanasa. Tukashangilia. Kisha tukaona waya umekatwa. Parachuti lilikwisha kukunjwa na ndoano, halikuweza kuzuia kitu. Kapsuli ikashuka kama ilivyo, ikapasuka kwenye changarawe mbele ya macho yetu. Wageni wakafunga mizigo, wakaenda zao, na mradi ukafa.

Kapteni akaulizwa, kwa nini umekata? Akajibu, "Nilikosea." Akaondolewa kwenye kazi ile aliyoipenda kuliko kitu chochote, akapewa ya kupeleka maji na saruji vijiji vya milimani, akaifanya hadi jana bila ya kununa. Nyinyi vijana mkampa jina, Kapteni Ponyoka. Msidhani hatusikii. Nami, niliyeusimamia mradi ule, nilikuwa na hasira naye, hasira kweli kweli, na salamu zangu kwake zilikuwa za shingo upande.

Wiki iliyopita Msellem alikuja ofisini kwangu. Akakaa, kahawa hakuigusa. "Bi Masouda," akasema, "mie nna jambo. Kapteni kanikataza kulisema, lakini akiondoka nalo litaniua."

Siku ile, Msellem alikuwa ameufungua mkanda wake wa usalama, apate kuinama zaidi aione ndoano. Ni marufuku, na alijua. Ndoano iliponasa, waya uliolegea ukamzunguka mguu. Uzito wa kapsuli ungeukaza tu, angetoka mlangoni. Akapiga ukelele, kwa Kiswahili, "Wacha, Sleiman, nakwenda!" Kapteni hakuuliza kwa nini. Akabonyeza kitufe cha kukatia, waya ukakatika kwa nje, mguu ukafunguka.

Wageni waliusikia ukelele redioni, wakauliza ni nini. Kapteni akawajibu, "Anaomba dua." Walipotua akamvuta Msellem kando. "Wewe una watoto nyumbani, na mkanda ulikuwa wazi. Ukifungua mdomo, kesho huna kazi. Nyamaza."

Juzi nikampigia Kapteni simu, nikamuuliza kama ni kweli. Akacheka. "Bi mkubwa," akaniambia, "mle ndani ya kapsuli mlikuwa na mchanga tu."

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa kuridhia itangazwe hapa, mbele ya watu, kwamba rubani huyu hakukosea. Nawashukuru walioandaa chakula, nakuoneni mnanusa. Kapteni, zawadi yako ipo, na Bi Nawar ataichagulia ukuta.

Msellem, upo meza ya nyuma, karibu na mlango. Simama, baba. Na wanao wasimame, wote, na wajukuu, na huyo mdogo mnyanyue aonekane. Kapteni Sleiman, geuka uwatazame.

Mie sina la kuongeza. Asanteni nyote, mmenisikiliza.