Breki za Gari Lililoua

Kina mama, kina baba, salamu mmeshapokea nyingi asubuhi hii, kwa hivyo zangu ziwe fupi. Mimi niko, Mungu amenifikisha, na kama kuna aliyekuja hapa akiwa amechoka, basi tumekutana. Mwenyekiti wa kundi letu la maombi ameniomba mara nyingi nisimame niseme yaliyonipata, na mara zote nimemkatalia. Mimi ni mshonaji wa yunifomu za shule. Nimezoea kuinama juu ya cherehani, si kusimama mbele za watu. Lakini wiki hii nimeona nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Wengi wenu mnanijua kwa gari langu, lile la kijani lililo pale nje, lenye mlango mmoja wa rangi tofauti kidogo. Najua pia yanayosemwa juu yake. Kuna walio hapa ambao nimewasimamishia gari kwenye mvua wakaniambia, "Asante Mama, sisi tunapenda kutembea." Kutoka Kiboswa mpaka Mamboleo, kwenye matope, na kikapu kichwani, eti unapenda kutembea. Sawa. Leo nitawaeleza habari za gari hilo, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Lilikuwa la mume wangu. Alipofariki tulimzika kwao Seme, mbele ya Kombewa, na matanga hayajaisha nikaona shemeji zangu wameanza kulizunguka lile gari, huyu anafungua boneti, yule anapiga tairi teke. Mama mkwe wangu akatoka nyumbani akasema mbele ya wote, "Gari linabaki na mtoto." Yule mama ni mfupi, lakini akishasema, mambo yameisha.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu, na ni mmoja tu. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, selimundu. Wenye watoto wa namna hiyo mnajua. Leo anacheza, kesho mifupa inamuuma hadi hawezi kushikwa. Maumivu yakianza hayangoji basi lijaze. Unamfunga blanketi unakimbia, na sisi tunakaa Kiboswa, na daktari anayemjua yuko mjini chini. Kwa hivyo mama mkwe aliposema gari linabaki na mtoto, alimaanisha hivyo hasa. Lile gari lilikuwa ni la kumteremsha mtoto mlima akiwa hai.

Sasa kuteremka. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kuendesha, na alinifundisha kama yeye alivyofundishwa na wenzake: ukifika mteremkoni toa gia, acha gari lishuke lenyewe, unabana petroli. Msinitazame hivyo, wengi wenu bado mnafanya. Na breki zilikuwa za dramu, magurudumu yote manne, kama gari lilivyotoka kiwandani. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa. Ikishika moto ndani, moto hauna pa kutokea, na breki yenye moto haishiki. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ukikanyaga, gari linasimama.

Siku moja asubuhi, msimu wa mvua, mtoto alianza. Jirani yangu akampakata kiti cha nyuma, tukaondoka. Nikatoa gia kama nilivyofundishwa. Nikawa nakanyaga breki kidogo kidogo njia nzima, kwa sababu kila gari likiruka shimo mtoto alikuwa analia. Tulipokaribia chini nikasikia harufu kama ya nguo iliyoungua pasi. Nikakanyaga. Pedali ikawa ngumu kama jiwe na gari halipungui. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku niliyoambiwa mume wangu hayuko tena. Mbele yetu pale Mamboleo kina mama wamepanga nyanya zao, watoto wamekaa kwenye magunia. Nikakata kushoto, nikaligonga tuta la udongo uliokuwa umechimbwa kando ya barabara.

Hakuna aliyekufa. Jirani yangu alichubuka uso. Mtoto alirushwa akavunjika mtulinga, huu mfupa wa hapa begani. Mtoto ambaye tayari mifupa inamuuma, mimi mama yake nikamwongezea wa kuvunjika. Watu wa Mamboleo walituchukua kwa pikapu ya mboga wakatufikisha hospitali, na kuna walio hapa waliotubeba. Mungu anawajua.

Mama mkwe alikuja wodini. Kwa desturi yetu mwanamke aliyeolewa anaitwa kwa kwao, na mimi natoka upande wa Sondu, kwa hivyo ananiita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach. Alikaa kando ya kitanda mpaka mtoto akalala, ndipo akasema polepole, "Nyar Nyakach, mwanangu nimemzika. Huyu sitamzika." Mtoto alipotoka hospitali, walienda pamoja Seme. Sikubishana. Nilimfungashia nguo zake.

Nilibaki na nyumba yangu na cherehani yangu. Msione mtu anakuja kanisani amevaa kitambaa safi mkadhani yuko sawa. Nilikuwa nikikata yunifomu za wasichana nakata saizi ya mtoto wangu hata kama aliyeagiza ni mkubwa. Nikaharibu vitambaa vya watu. Nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia marehemu kwa kunifundisha vile, nikamkasirikia mama mkwe kwa kuwa na haki. Nilikuwa naenda Seme Jumamosi kwa basi kumwona mtoto, na jioni akiniona nachukua mkoba anauliza, "Mama, gari limepona?" Anaulizia gari kama mgonjwa mwenzake.

Gari lilikuwa limevutwa hadi gereji moja mjini, karibu na reli, kwa mzee mmoja Kalasinga. Nilipoenda hatimaye kuliangalia, nilikuwa nimeamua kuliuza. Mzee akaniambia, "Mama, bodi nitanyoosha. Lakini breki hizi, kwa mlima ule, sikurudishii." Nikamuuliza kwani zina ubovu gani. Akasema hazina ubovu, ila hazitoshi. Zilitengenezewa barabara tambarare na dereva asiye na mgonjwa. Akasema magurudumu ya mbele tuyatoe dramu tuweke breki za diski. Diski iko wazi, upepo unaipoza, na mvua ikiilowesha inajifuta. Halafu tuweke na busta, ile inayousaidia mguu kukanyaga. Vyote vinatoka kwa gari kubwa la aina ileile, vinaingia bila kulazimisha.

Nikamuuliza, gari kubwa liko wapi. Akaninyooshea kidole kwenye kona.

Lilikuwa gari jeupe, limekunjwa paa. Nililijua. Mji mzima ulilijua. Lilipinduka njia ya Ahero likaua watu wawili. Mnajua sisi tulivyo. Kitu kilichoshikwa na kifo hakiingii bomani hivi hivi. Hata shuka ya marehemu ina utaratibu wake, sembuse chuma chenye damu. Mzee akaona nimerudi nyuma. Akasema, "Kilichowaua ni tairi. Lilipasuka. Breki ni nzima." Nikamwambia mimi naelewa, lakini kuelewa si kutulia.

Nilikuja hapa, kwa kundi hili, nikasema. Baadhi yenu mlisema niache. Lakini mwenyekiti alisema, "Twende tukaviombee." Tukaenda kina mama wanne na Biblia. Diski ziko juu ya meza zimejaa grisi, na mwenyekiti ameweka mkono juu yake bila kuogopa kuchafuka, anamwomba Mungu atoe kilichobaki hapo cha kilio na abakishe kilicho cha kazi. Yule mzee na kilemba chake amesimama nasi, kichwa ameinamisha. Tulipomaliza akaomba na yeye kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno moja, na nilisema amina.

Kazi ikaanza. Walitoa dramu za mbele na vyote vilivyoshikana nazo, wakafunga diski, wakabadilisha mipira na mabomba ya mafuta ya breki yote, kwa sababu mzee alikataa kuweka kipya juu ya kikuukuu. Mwisho inabidi kutoa upepo kwenye mabomba, na hapo lazima mtu akae ndani akanyage pedali. Mzee akaniambia, "Ingia wewe." Sikuwa nimekaa kwenye kiti kile tangu siku ya tuta. Nikamwambia amtume fundi mwingine. Akasema, "Gari la nani?"

Nikaingia. Yeye yuko chini karibu na gurudumu, namsikia tu sauti. "Piga. Piga. Shika." Nashika. Pedali inazama mpaka chini, moyo wangu nao unazama. "Achia. Piga. Shika." Tukazunguka gurudumu moja hadi jingine, na polepole pedali ikaanza kunirudishia mguu, juu kidogo, tena juu kidogo, mpaka ikasimama imara chini ya kiatu changu. Nililia pale ndani ya gari. Mzee akanikuta nalia akasema nisimwage machozi kwenye viti. Siku ya kwanza ya kulijaribu nilikanyaga kama nilivyozoea, na nusura paji langu la uso livunje kioo.

Kwa hivyo nikawa na gari zima. Mtoto sina. Maana maneno yana miguu. Mama mkwe alishasikia breki zimetoka wapi, na akatuma ujumbe na shemeji yangu: "Gari hilo lisifike kwangu." Nilikuwa nimepoteza mtoto kwa sababu ya breki mbovu, sasa nampoteza kwa sababu ya breki nzuri. Hapo ndipo nilipokaribia kuacha kuomba, na sioni haya kuwaambia.

Halafu Jumapili moja, saa za mchana, shemeji akafika kwangu anahema. "Shemeji, mtoto ameanza jana. Zahanati wamesema damu imeshuka, apelekwe mjini. Mama amesema ukodi gari." Gari gani Jumapili? Tulizunguka Kiboswa yote. Moja halina dereva, moja limeenda mazishi. Nikamwambia shemeji, panda. Akaangalia magurudumu ya mbele, akaniangalia mimi, akapanda.

Tulifika Seme tukamkuta mama mkwe amesimama kwenye lango, na mikono ameikunja. Sikuzima injini. Nikashuka nikamwambia, "Mama, sikuja kushindana na wewe. Ukisema nirudi, nitarudi. Lakini mtoto atakufa mle ndani na mimi na wewe tutakuwa tumeshinda wote wawili." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Ndani nilimsikia mtoto, halii tena, anagugumia tu.

Mama mkwe aliikunjua mikono. Akalizunguka gari, akainama mbele, akachungulia gurudumu kama anayetafuta nyoka. Kisha akawaambia wamtoe mtoto wamlaze nyuma na baba yake mdogo. Yeye mwenyewe akafungua mlango wa mbele akakaa kando yangu. Akasema, "Kama kuna kifo kwenye chuma hiki, kinikute mimi kwanza."

Nikaendesha. Mama mkwe alikuwa anaomba chini chini kwa Kijaluo, mkono mmoja umeshika dashibodi. Karibu na Holo, pale vichaka vinapokaribia lami, ng'ombe wakaingia barabarani kundi zima, mbele yangu kabisa. Nikakanyaga. Gari likashika, likanyooka, likasimama bila kuyumba, na ng'ombe wa kwanza akageuka akatutazama kwa dharau akaendelea na safari yake. Nyuma mtoto hakuondoka hata kwenye mapaja ya baba yake mdogo.

Mama mkwe alibaki amewakodolea macho wale ng'ombe mpaka wa mwisho akapita. Kisha akasema, "Siku ile mngesimama hivi, nisingemchukua." Akaondoa mkono kwenye dashibodi. "Twende, mwanangu." Kabla ya hapo hakuwahi kuniita mwanangu.

Mtoto aliongezewa damu akaamka. Alipotoka hospitali alipanda gari lile, tukaupanda mlima hadi Kiboswa, na bibi yake alikuja naye akakaa nasi mwezi mzima. Tangu hapo tumeteremka mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nateremka na gia ya pili, na mnaonipigia honi nyuma mtaendelea kupiga.

Nawashukuru waliotubeba Mamboleo. Namshukuru mzee wa gereji, ambaye si wa kanisa letu na sijui kama atalisikia hili. Nawashukuru wale waliochafua mikono na mimi kwenye grisi. Zaidi namshukuru mama mkwe, kwa sababu aliogopa na bado akapanda. Mkitaka somo, ni hilo. Mwenzako akiogopa, usimcheke na usimhubirie sana. Mfungulie mlango, halafu uendeshe vizuri.

Lakini msidhani nimesimama hapa kwa sababu yameisha. Ugonjwa ule hauna breki za kununua. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na tangu Jumatano amelazwa tena. Bibi yake yuko naye. Daktari jana hakuniangalia machoni alipoongea. Ndiyo maana nimekubali kusimama leo, sikutaka kukaa na habari hiyo peke yangu.

Nimepika uji, uko kwenye thamosi ndani ya gari. Tukimaliza maombi nateremka moja kwa moja kwenda wodini. Nyuma kuna nafasi tatu, na mbele moja. Anayetaka kuja aje.