Karakana Isiyopakwa Rangi

Sogezeni viti, wanangu, na mmoja wenu ateremke awaambie mafundi wazime kompresa kidogo, maana sauti niliyobakiwa nayo haiwezi kushindana na mashine. Haya. Sasa nisikilizeni na msinikatize, kikohozi kitanikatiza chenyewe bila msaada wenu, na wewe mama watoto kaa hapa miguuni uwe shahidi, kesho asije mtu akasema mzee alikuwa anaweweseka.

Jambo ni moja na nyote mnalijua, ndiyo maana tangu juzi mnapeana chai bila kutazamana usoni. Mheshimiwa wetu huyu, kitinda mimba wangu, ameteuliwa mkaguzi mkuu wa mitambo ya mafuta baharini, na Jumatatu anakula kiapo. Na hii karakana iliyo chini ya chumba hiki, inayopima vali za mitambo hiyohiyo, nyote wawili, yeye na dada yake, mmekulia ndani yake na kila mmoja anaiona ni yake. Mnataka kujua nampa nani. Nitasema, lakini kwanza mjue nimefikaje kwenye uamuzi huu, kwa sababu mtu akipewa jibu bila sababu hubaki na kinyongo, nami sitaki kuwarithisha kinyongo pamoja na mashine.

Vali ya usalama ni kitu kidogo. Presha ikizidi ndani ya bomba, inajifungua, inatoa gesi, halafu inajifunga. Nyie mnajua, namweleza mama yenu, ambaye amefua ovaroli zangu maisha yake yote na hajawahi kuniuliza kazi yenyewe ni nini.

Nilipoajiriwa fundi bomba kwenye mtambo wa kwanza kule baharini, sheria ya mafuta ilikuwa kurasa chache, na kurasa hizo zililetwa na kampuni yenyewe, wizara ikagonga muhuri na kushukuru. Wizara ileile ndiyo iliyopokea fungu la serikali kwa kila pipa lililotoka, na wizara ileile ndiyo iliyomtuma mkaguzi. Sasa fikirini, mkaguzi akisimamisha kisima ili vali irekebishwe, amewakatia ulaji waliomtuma. Mkaguzi wetu tulimwita Bwana Karibu, kwa kuwa kila alipokanyaga aliambiwa karibu: alikuja kwa boti ya kampuni, akala meza ya kampuni, akalala kwenye kitanda cha kampuni, na siku ya kuja kwake tuliijua mapema kuliko mkewe. Basi msimamizi alitoa amri moja tu, pakeni rangi. Ngazi zikapakwa, vyuma vya kushikia vikapakwa, mabomba yakapakwa, na vali nazo zikapakwa, mwaka huu juu ya rangi ya mwaka jana. Ukisikia harufu ya rangi mbichi ulijua serikali iko njiani. Bwana Karibu alizunguka, akasifu usafi, akarudi na samaki wa kupeleka nyumbani.

Baba yenu mdogo alikuwa zamu upande wa gesi siku ile presha ilipopanda. Vali ilikuwa inang'aa, nzuri, na rangi ilikuwa imeigandisha kama kifuniko cha kopo la zamani. Haikufunguka. Nisimalizie, mengine mmeyaona kwenye picha ile ukumbini ambayo mama yenu anaifuta vumbi na mimi siitazami. Ndiyo maana karakana hii haijapakwa rangi hata siku moja, na wageni wakiicheka kuta zake mimi huwaacha wacheke.

Watu walisema Bwana Karibu alihongwa. Nami nilisema hivyo, msibani nikakataa mkono wake mbele za watu, nikamchukia miaka na miaka. Baadaye tume ikachunguza, na ukweli ukawa kwamba hakula hata senti ya mtu. Alikuwa muungwana kabisa. Ila mume wa dada yake ndiye alikuwa na zabuni ya kulisha wafanyakazi pale mtamboni, basi. Kila alipofikiria kuufunga mtambo aliwaona watoto wa dada yake mezani, akajiambia labda mwezi ujao. Hilo ndilo nataka likuingie, mwanangu. Hakuwa mwizi. Alikuwa mjomba.

Baada ya moto, serikali ikaja juu. Sheria ikanenepa. Ikasema vali zisipakwe rangi, ikataja vali ya namna gani, mahali gani, bomba la unene gani. Kampuni zikatii neno kwa neno, na kwa kuwa sheria haikutaja grisi, zikazipaka grisi ili zing'ae. Lo! Nilicheka siku ile hadi mbavu zikauma, kicheko kibaya. Watu walijifunza kumridhisha mwandishi wa sheria, na gesi hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Ndipo wakaja vijana wengine serikalini, wakaigeuza. Wakasema hatutawaambia tena mfanye nini, nyie mtuonyeshe kwamba mtambo wenu ni salama, na msipotuonyesha hamchimbi. Wakamtoa mkaguzi wizarani, wakampa ofisi yake, boti yake na chakula chake mwenyewe. Na wakaandika kifungu kimoja kwamba vali ipimwe nchi kavu na mtu asiyeuza mafuta, asiyekusanya mapato yake na asiyekagua mitambo. Karakana hii ilizaliwa na kifungu hicho. Msijidanganye kuwa ni akili zangu. Mafundi wenye akili walikuwepo kabla yangu, hawakuwa na sheria ya kuwashika mkono.

Hayo nayo yamepanda na kushuka. Bei ya mafuta ikianguka, kampuni zililia kwamba sheria inaziua, na mawaziri wakapunguza wakaguzi hadi waliobaki wakawa wanakagua kwa simu. Bei ikipanda, zililia kwamba sheria inazichelewesha. Sijauona mwaka ambao sheria iliwaenea sawasawa. Sasa mitambo imezeeka kama mimi, na ugomvi mpya ni nani ataing'oa baharini na kwa gharama ya nani, na huo ni wako, Mheshimiwa, siutaki.

Niongezee mto, mama. Hapo hapo.

Karakana nampa dada yako. Yote. Mashine, jina, lango, na mafundi kama watamvumilia, maana ana mdomo. Wewe humo huna hata spana moja. Na usiniletee tena lile wazo la kuandikisha nusu kwa jina la mkeo. Nimelisikia, mwanasheria ana masikio na mdomo pia. Hii nyumba ni ya mama yenu maadamu yu hai, na baada yake ni yenu wote wawili. Ile ya kupangisha ni yako peke yako. Hazilingani, najua, na usijikaze kisabuni mbele yangu, naona. Tangu ukiwa mdogo mikono yako ilikuwa mizuri kuliko ya dada yako, naye anajua, usininunie binti yangu, ni kweli. Niliota utakaa pale kwenye benchi langu. Inaniuma. Inaniuma kuliko hiki kifua. Lakini umechagua kukagua, nami najivunia umechagua, na mkaguzi mwenye karakana ni Bwana Karibu aliyevaa suti nzuri zaidi. Simaanishi wewe ni mbaya. Ungekuwa mbaya ningelala usingizi. Wewe unampenda dada yako, na hapo ndipo ninapoogopa.

Ngoja... ngoja nipumue. Maji. Yanatosha.

Toa ufunguo wa lango, huo ulio mfukoni mwako. Nisikie mlio wake kwenye pete ya funguo. Mpe dada yako mkononi, usiuweke kitandani kama mtu anayesusa. Ahsante, baba.

Sasa maagizo. Mkinizika, msiifunge karakana zaidi ya siku ya mazishi. Kuna vali zinasubiriwa na watu wanaolala juu ya mitambo. Bwana Karibu ana binti yake mjini, mtafuteni, mwambieni baba yake nilimnyima mkono, na mpeni mkono nyinyi. Kisha wewe, mwanangu, ukishaapa... mahali pa kwanza pa kukagua pawe hapa chini. Usimpigie dada yako simu. Usinywe chai yake. Fungua kila vali, tazama kila cheti, na ukikuta kosa, ifunge. Umenisikia? Ifunge. Hata kama mafundi wanalia. Hata kama mimi... Na wewe binti, siku hiyo usimwite mdogo wangu. Mwite mkaguzi. Mpishe apite.

Mungu awatangulie. Awape macho... awape na usingizi. Msigombane kwa ajili yangu, mtafute sababu nyingine.

Leteni mikono. Wote wawili. Ya moto hii... ya nani?

Pale langoni, baba... utagonga. Usubiri ufunguliwe, kama mgeni yeyote. Lakini kwa mama yako huku juu... usigonge. Kwa mama yako ingia tu.